Kasida ya Mfungo Sita na Mchezo wa Mkwe

Kasida ile siku hizi inaimbwa vibaya. Nasema hivyo mbele ya yeyote, na nimeshamwambia imamu wetu hapa Kibiti, akacheka, akaniambia, "Mzee, kwako wewe kila kitu cha siku hizi kibaya." Si kila kitu. Bomba la maji zuri. Simu nzuri. Barabara ya lami imenifaa mimi kuliko mtu mwingine mjini hapa, maana mabati na saruji ninazouza haziji kwa mtumbwi. Lakini kasida ya mtunzi wetu wa delta wanaivuta kama watu wanaosindikiza jeneza, na ile haikutungwa ivutwe. Ilitungwa na mtu aliyejua kucheka.

Nilisoma mpaka darasa la tatu nikaachia hapo, kwa hiyo tarehe msiniulize. Waliosoma wanasema mtunzi yule alikuwa mtu wa karne ya kumi na tisa. Sisi tulisema zamani za Masultani, kabla Mjerumani hajaleta kodi yake. Aliishi kisiwani kwetu, asubuhi akisomesha watoto Kurani, mchana akiingia kwenye tope kukata mikoko kama mwanamume mwingine yeyote. Hakuacha mali wala nyumba. Aliacha nyimbo, na nyimbo zake ni za namna mbili. Ziko kasida za kumsifu Mtume, zinazosomwa Mfungo Sita wakati wa Maulidi. Na iko michezo ya kuimba, ya kuchekesha, ambayo watu wanaicheza uani siku za harusi, na humo hakuna anayesema neno kwa mdomo mkavu. Anayegombana anaimba. Anayeomba maji anaimba. Hata anayefukuzwa anatoka akiimba.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ni Mkwe. Mama ana binti mmoja, kakaa mlangoni na upepeo wake. Wanakuja wachumba. Anakuja mvuvi, anajisifu kwa samaki wake. Anakuja mshona kofia, anajisifu kwa vidole vyake. Mwisho anakuja mkata mikoko na miguu yake ya tope. Mama anawatia ila wote, majirani wanaitikia, mara wako upande wa mama, mara wako upande wa mchumba, kama majirani walivyo. Binti kimya muda wote. Halafu mwishoni kabisa anasimama, anaimba peke yake, anamchagua yule wa tope. Mimi nimeucheza umama ule nikiwa kijana, nimejifunga kanga za shangazi yangu, na wanawake wazima wakaniuliza nimejifunzia wapi kubetua mdomo vile. Najisifu, ndiyo. Nilikuwa hodari.

Aliyetuongoza katika yote mawili, kasida na mchezo, alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Mtu mfupi, meno makubwa, sauti yake haikuwa tamu hata kidogo, lakini akianzisha wimbo huwezi kubaki nyuma. Alinifundisha kazi na alinifundisha nyimbo kwa wakati mmoja, maana kwetu hivyo vitu havikutengana.

Kukata boriti za mikoko si kazi ya kueleza mtu akaielewa akiwa amevaa viatu. Tope linafika pajani. Mkishakata, wawili mnabeba mzigo wa fito ndefu mabegani, mmoja mbele, mmoja nyuma, mnautoa huko kwenye mizizi mpaka penye mtumbwi. Hapo lazima miguu yenu inyanyuke pamoja. Wa mbele akinyanyua na wa nyuma bado kazama, wote chini, na boriti juu yenu. Basi tulipiga hatua kwa wimbo wa Mkwe. Mjomba anaimba maneno ya mchumba, sisi tunavuta miguu, na tukifika penye mtumbwi tunaitikia maneno ya mama:

Osha tope, osha tope,
ndipo uingie kwangu!

Na kwenye lile "kwangu" wote tunakunja magoti, tunatua mzigo. Namna hiyo kutwa nzima, na kesho tena.

Kasida haikuimbwa kule. Huo ulikuwa mwiko wa wazee wetu, na mjomba aliushika: kasida haiingii topeni, inaimbwa na mtu mwenye udhu na nguo safi. Lakini mtunzi wetu alikuwa amefanya jambo lake. Mahadhi ya kiitikio cha Mkwe na mahadhi ya kiitikio cha kasida yake kubwa ni yaleyale. Pale mama anaposema osha tope, kasida inasema:

Njoo kwetu, njoo kwetu,
nuru ya Mtume wetu.

Kwa nini alifanya hivyo, hakuna aliyejua. Wengine walisema uvivu. Mjomba alisema, "Mtu ana moyo mmoja, ulitaka atoe nyimbo kwa moyo wa nani mwingine?"

Shehe wetu wa wakati ule hakulipenda jambo hilo. Alikuwa kijana bado, karudi kutoka masomoni, mtu mwema, nisimseme vibaya, alizika watu wetu na kuwaombea hata pale njia ilipokuwa maji matupu. Lakini alimwita mjomba barazani, nami nipo, akamwambia, "Mzee wangu, mahadhi haya watu wanayatia matusi ya mkwe na wachumba. Nitayaachaje yaingie kwenye Maulidi?"

"Si matusi, Shehe. Ni utani."

"Nna kaseti hapa za kasida za mjini, nzuri, zimetulia. Mwaka huu ongoza wewe ya kwenu. Ikienda kwa heshima, itabaki. Watu wakicheka mbele ya jina la Mtume, mwakani tunashika za kwenye kaseti, na ya mtunzi wenu tunaiweka kando."

"Unaiweka wapi?"

"Mzee wangu, usinifanyie mchezo."

"Nauliza tu. Kitu kikiwekwa nataka nijue kilipo."

Alitania, lakini hofu ilimwingia. Kasida ile aliipokea kwa baba yake, na baba yake kwa wa kwake. Ikitoka kwenye Maulidi haina pengine pa kuimbwa, na yeye ndiye angekuwa aliyeipoteza. Usiku ule, mkewe alinieleza baadaye, hakugusa hata chai.

Sasa sikilizeni balaa letu. Mwaka ule Maulidi yetu yalipangwa siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, na boriti zinapakiwa wakati wa bamvua, maji yanapofika juu. Ukikosa, mzigo wako unalala pale mpaka bamvua lingine. Kwa hiyo mpaka adhuhuri ya siku ya Maulidi sisi wakataji tulikuwa topeni, tunabeba, tunatua, osha tope, osha tope. Ndipo tukakimbia majumbani, tukaoga, tukasugua kucha kwa mchanga, tukavaa kanzu. Maulidi yetu yalisomwa alasiri, maana wageni wa visiwa vya jirani walitaka kuwahi kurudi kabla maji hayajapwa yakawaacha kwenye matope na mitumbwi yao.

Uwanja wa msikiti ulikuwa umetandikwa mikeka. Wanawake nyuma ya pazia la makuti. Udi unafuka. Sisi tumepanga safu, bega kwa bega, safi kama mayai. Mjomba kasimama mbele na tari lake, kanzu imempwaya, na shehe kakaa pembeni anamtazama kama mtu anayetazama moto jirani na nyumba yake.

Mjomba akaanza. Ubeti wa kwanza, wa Bibi Amina na usiku wa kuzaliwa Mtume, akauimba vizuri mpaka nywele zikanisimama. Matari yakaingia. Safu zikaanza kuyumba, kulia, kushoto. Na mwili wangu, Mungu anisamehe, ukajisikia uko kazini. Bega likatafuta mzigo. Kikafika kiitikio, na sisi wakataji wote, bila kukonyezana, kwa koo zetu zote, tukajibu:

Osha tope, osha tope,
ndipo uingie kwangu!

Na kwenye "kwangu" tukakunja magoti. Safu nzima. Tukatua boriti ambazo hazikuwapo, mbele ya msikiti, katika kanzu nyeupe.

Nilimwangalia mjomba, uso wake umekuwa wa majivu. Halafu nyuma ya makuti, bibi mmoja akashindwa. Akapasuka, "Kha! Wametua mzigo hawa!" Basi, ikawa imekwisha. Wanawake wakacheka, wageni wakacheka, wazee wa mbele wakafunika nyuso kwa vilemba. Niliona mabega ya shehe yakitikisika, mkono wa kanzu kautia mdomoni. Baadaye alikana. Niliyaona.

Mjomba hakungoja kicheko kiishe. Alinyanyua tari juu, akalipiga mara moja tu, akarudia ubeti uleule wa kwanza. Hakutukaripia, hakututazama hata. Nasi tukaitikia, sasa kwa maneno yake ya haki, njoo kwetu, njoo kwetu, na vifua bado vina kicheko ndani. Wallahi sijaisikia kasida ile ikiimbwa vile tena, wala kabla, wala baada. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa kama mtu kweli anasubiriwa mlangoni, na nyumba imefagiliwa, na watu wamefurahi kwa kuwa anakuja. Waliokuwa wanacheka nyuma ya makuti wakawa wanalia, na sikujua ni wakati gani walipovuka kutoka hapa kwenda pale. Nililia na mimi. Nilikuwa na mwili wa kubeba gogo peke yangu, na nililia.

Baada ya dua na pilau, shehe akamwita mjomba mkekani. Nikajisogeza nyuma yake bila kualikwa.

"Watu walicheka," shehe alisema.

"Walicheka."

"Na tulikubaliana."

"Tulikubaliana, Shehe. Iweke."

Shehe akazungusha tasbihi. "Siwezi," akasema. "Kaseti hainifanyi vile. Kasida itabaki. Lakini mdomo unaoiongoza usiwe unaoongoza ule mchezo wenu, maana leo nimeona yanavyoingiliana. Chagua moja, mzee wangu. Ya pili mpe mwingine."

Nilijua atachagua lipi. Kila mtu angejua. Kiongozi wa kasida alikaa mbele, alikula sinia la wazee, watoto walimbusu mkono njiani. Mjomba alijikuna shavu.

"Kasida ina msikiti," alisema. "Ina Mfungo Sita, ina nyie wote. Mkwe ana nani?"

"Mzee wangu, fikiri kwanza."

"Nshafikiri. Mpe kasida yule mdogo wangu wa ng'ambo ya mto, ana pumzi. Mimi nitabaki na hawa wajinga wa tope."

Niliwaka. Njiani nilimwambia maneno ambayo kijana hamwambii mjomba wake: umejishusha, umetushusha, watu watasema umenyang'anywa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Sinia la wazee mchele wake huuhuu. Twende, kesho maji yanajaa mapema."

Akauongoza mchezo mpaka mabega yalipomkataa. Kisha kukata mikoko kukawa kwa kibali, vibali vikawa adimu, vijana wakatoka, mimi mwenyewe nikatoka kuja huku Kibiti. Nilianza kwa kuuza fito kando ya barabara, nikauza misumari, nikajenga, leo wafanyakazi wangu wanatoka Mtunda na kwingineko, na hakuna aliyenishika mkono. Harusi za sasa zinakodi spika. Wajukuu nimewaimbia Mkwe uani, sehemu zote, na sauti ya binti nikaibana puani kama inavyotakiwa. Wamenirekodi kwenye simu, wanarushiana. Wanampenda yule mama wa mlangoni. Angalau hilo.

Lakini ninayoyakumbuka zaidi ni Maulidi ya mwaka uliofuata. Kiongozi mpya, yule wa ng'ambo ya mto, alisimama na kanzu iliyopigwa pasi, na kwa woga akaianza kasida juu mno. Ilipofika katikati ya ubeti sauti ikamkwama. Matari yakababaika. Watu wote, na shehe pia, wakamgeukia mjomba, aliyekuwa kakaa nasi safu ya nyuma, karibu na viatu.

Nikamgusa goti. "Mjomba, mwokoe bwana."

"Nyamaza wewe," akasema, macho kwenye mkeka. "Itikia."

Na kiitikio hakijafika bado. Akaitikia hivyohivyo, taratibu, chini, pale sauti ilipotakiwa iwe tangu mwanzo, njoo kwetu, njoo kwetu, nasi tukamfuata, safu baada ya safu, mpaka ikafika mbele, na yule kiongozi akaikuta inamngojea, akaipanda, akaendelea na beti zake mpaka mwisho.

Mjomba hakuinua macho. Walipotoa pilau mtu wa mbele akaja kumwita kwenye sinia la wazee, mjomba akamwambia asante, yuko sawa hapo alipo. Akala nasi, akamaliza, akalamba vidole, akapaza sauti kuwauliza wanawake kama kwenye sufuria umebaki ukoko.