Chungu Nilichokificha

Majuzi mtafiti wa mambo ya kale alikuja kwetu Ijuganyondo kutufundisha mambo hayo kwa kupika. Alipanga vipande vya vyungu alivyofukua juu ya jani la mgomba, akaomba chungu kimoja kinachotumika, apikie ndizi na maharage, tuone masizi na ukoko unavyoshika udongo.

"Waitu, ndugu zangu, nani ana chungu?"

Wote tulikuja na sufuria zinazong'aa. Mama yangu alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Chungu chake, alichonipikia siku zote, kilikuwa nyuma ya banda la mbuzi, chini ya majani makavu. Nilikificha mwenyewe asubuhi ile, nikamwambia, "Mama, usituaibishe mbele ya wageni."

Mtafiti akamwinamia. "Bibi, hapa hampikii vyungu?"

"Labda zamani," Mama akajibu taratibu. "Muulize huyu mwanangu, ndiye aliyesoma."

Nikasema havipo tena. Akayaandika maneno yangu daftarini.

Humu ninamoandika nimewasema sana vijana kwamba wamesahau vya kwao. Hao nawaomba radhi. Kwa Mama bado natafuta maneno, maana chungu nilikirudisha jioni ile ile, lakini tangu siku hiyo ananipikia kwenye sufuria.