Pasaka Tulipoimba Chini

Kabla sijasema habari ya kwaya, nimekumbuka lile gogo la kule kwetu Wamaza. Tulikuwa watu ishirini tunalivuta kwa kamba, la daraja ya serikali. Kapita, musimamizi wetu, anaita, sisi tunaitika. Mwenzetu mumoja, munene, kikwembe alichojifunga kiunoni kikamuanguka mutoni, naye hakuachilia kamba, akavuta vile vile uchi mupaka ng'ambo. Tulicheka mupaka kapita akatuonyesha kiboko. Gogo lenyewe sijui kama lilipata kuwa daraja kweli. Lakini mule mwa kuitika ndimo nilimojua kwamba sauti yangu ni ya chini, na nilipohamia Kasongo, misioni wakaniweka sauti ya nne.

Nilipenda, sifichi. Kiangazi, jua likishuka, padri alifungua dirisha akapiga santuri za muziki wa kwao, nasi tunakaa ndani ya vumbi kusikiliza mupaka sahani ikwaruze. Masika tulijifunza misa ya Kilatini kwa sauti nne, maneno hatuyajui, mvua iko inapiga mabati. Mwalimu wa kwaya alikuwa rafiki yangu. Ndiye aliyetupa sauti ya kuanzia, kwani kinanda chetu kilivimba kwa unyevu na kukaa bubu masika yote.

Juma la Pasaka mama mukwe wake akafa. Kwa watu wa muke wake, mukwe haimbi mupaka moto wa matanga uzimwe, na zilibaki siku tatu. Akiimba, wajomba wanamurudisha kwao binti yao pamoja na watoto. Akamueleza padri. Padri akamujibu kwamba Pasaka haingojei moto wa mutu. Asipoanzisha wimbo, atatoka kwenye kazi na kwenye nyumba ya misioni.

Mujomba wa muke wake alikuja kweli, akasimama mulangoni. Kwaya yetu, mwalimu pamoja nasi, ilikaa mbele, inaelekea altare, watu wanaona migongo tu. Saa ya wimbo ikafika. Rafiki yangu akainua mukono, kinywa kimefungwa. Padri akageuka, akamutazama. Mukono ukabaki juu. Nyuma mutu akakohoa. Jasho lilimutiririka shingoni mupaka kola ikalowa.

Sikuvumilia. Nikaanza miye.

Wote wakanifuata kule chini kabisa, hata watoto wa sauti ya kwanza wakanguruma kama wazee wenye mafua. Tukafika mwisho hivyo. Nilidhani nimemuokoa.

Nje mujomba alikuwa anamungojea. Nikatangulia kwake.

"Baba, aliyeanza ni miye. Yeye hakufungua kinywa."

"Mwanangu, miye niko na macho. Aliyeinua mukono ndiye aliyeimba. Na uongo pia munafundishwa mule ndani?"

Akasema binti yao atalala kwao leo. Padri naye akatoka, mavazi ya misa bado mwilini, akataka ufunguo wa sanduku la vitabu vya kwaya, ule unaokaa na mwalimu. Yeye alikuwa ameona kinywa kilichofungwa.

Rafiki yangu akawatazama wote wawili. Nilingoja anitukane, haki alikuwa nayo. Akatoa ufunguo mufukoni, akaniwekea miye mukononi, si padri. Kisha akatembea bila haraka, akapita soko, akashika njia ya Kabambare na viatu vyake vya kanisani. Hakurudi hata kuchukua nguo zake.