Kamba Iliyoliwa na Ndama

Harufu ya moshi wa majani mabichi ndiyo iliyotuambia kwamba bibi yuko kazini. Masika yakipungua, alileta mizigo ya mmea unaotambaa juu ya miti katika msitu wa mlima Hanang, akaupitisha motoni hadi ukalegea, kisha akausuka vikapu na kufungia fito za jiko, kuni na vifuniko vya vihenge. Sisi wakulima wa Endasak tuliuita kwa Kiiraqw jina lenye maana ya "kifunga kapu". Mimi, msichana wa miaka kumi mwenye kiherehere cha watoto watatu, niliamini kwamba kinachofunga kapu hufunga chochote.

Mwaka huo dada yangu Paskalina alikuwa anaposwa. Wazee wa upande wa mume walikuwa wanakuja kutoka Tumati, na nyumbani kwetu kumpa mgeni wa posa chai ya rangi ilikuwa sawa na kumwonyesha njia ya kurudi. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kukamua. Jioni ya kuamkia siku yao mama alinituma nimfunge ndama mbali na mama yake. Kamba ya ngozi ilikuwa imekatika, bibi yuko kwenye sala za jumuiya, nami nikachukua mmea wake mbichi, haujaona moto, majani yote yakiwa juu yake. Nilipiga mafundo matatu na kujisifu hadi usingizi uliponichukua.

Asubuhi ndama alikuwa amejilaza, tumbo limejaa, shingoni kabaki na kijipande cha kamba. Chuchu za ng'ombe zilikuwa zimesinyaa. Mama hakunipiga, alikaa tu chini, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Paskalina alilia waziwazi. Niliona aibu kiasi kwamba sikusubiri kutumwa, nikashuka mbio hadi bondeni kwa mama mmoja wa Kidatoga, jirani yetu mfugaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, nani amekufa?"

Nilipomweleza, alicheka hadi akashika kiuno. "Ninyi watu wa jembe! Mmea huo sisi tunauita utamu wa ndama. Ndama akikataa kula, tunampa huo. Sasa wewe umemfunga kwa chakula chake, ulitaka afanyeje?" Akanijazia kibuyu cha maziwa ya mgando. "Kimbia. Na siku nyingine uliza, kuuliza si ujinga."

Wageni walikunywa mgando huo badala ya chai, mzee mmoja akaomba aongezewe, na Paskalina akaolewa. Wiki iliyofuata bibi alinichukua tukampelekea yule mama vikapu viwili. Wakakaa mchana kutwa wakitajiana majina ya mimea, huyu kwa Kiiraqw, yule kwa Kidatoga, wakibishana na kucheka, nami nikiwamiminia chai.

Leo nafunga ndama wangu kwa kamba ya manila kutoka dukani, na sina budi kukiri kwamba ni imara kuliko zote za bibi. Juzi nilipita kando ya msitu na binti yangu, nikamwonyesha mmea wenyewe. Akaupiga picha, na simu ikampa jina moja refu lililotushinda wote wawili kulitamka. Tulicheka sana. Kisha akasogeza kidole juu na chini, akisoma, akanigeukia. "Mama, hapa hawajasema unatumika kwa nini." Nikaketi kwenye jiwe, nikamwambia azime simu anisikilize, maana tunaolijua hilo tumebaki wachache.