Jiwe Jeupe la Bibi kwenye Ukingo wa Rweru

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze sauti moja ambayo ikinijia mpaka leo hunisimamisha nilipo. Haikuwa kishindo kikubwa. Tubwi, kisha maji yanatawanyika, kisha kimya, kama mtu mzito aliyejitupa kitandani na kulala papo hapo. Ilikuwa sauti ya ardhi yetu ikiangukia Ziwa Rweru, upande wa Giteranyi, katika masika ya kwanza baada ya familia yetu kurudi kutoka ukimbizini Tanzania.

Mimi nilizaliwa huko Tanzania, na ziwa nililijua kwa maneno ya bibi tu, mama yake baba. Kila alipotwanga mihogo alitusimulia kwao: mbele ya mlango kuna jiwe jeupe, mbele ya jiwe shamba la maharage, mbele ya shamba ukuta mnene wa mafunjo, ndipo maji yanapoanza. Tuliporudi, jiwe tulilikuta. Shamba la maharage hatukulikuta, wala mafunjo. Baada ya jiwe palikuwa na majani kidogo, ukingo wa udongo mwekundu, na ziwa. Hata hivyo baba alijenga pale pale nyuma ya jiwe, na kibanda cha bibi akakiweka mbele zaidi, karibu kabisa na jiwe, ili akifungua mlango alione. Majirani walipomshauri apande juu kidogo, aliwajibu kwa upole, "Nikijenga kwingine mtasema sipajui kwetu." Usimcheke. Hatukuwa na karatasi yoyote. Kumbukumbu ya bibi ndiyo iliyokuwa hati yetu, na familia iliyolima pale miaka yote tulipokuwa ugenini ilikuwa ikitutazama kwa macho ya kungoja tukosee.

Nilikuwa nalala na bibi, kwa hiyo nilijua zaidi ya wengine jinsi ukingo ule ulivyokuwa ukiliwa. Watu hudhani maji hula ardhi kutoka juu, kama mtu anavyokula mkate. Sivyo. Upepo husukuma mawimbi, nayo hupiga chini, kwenye mguu wa ukingo, yakichimba pango dogo usiloliona ukiwa umesimama juu yake. Pale juu majani bado ni mabichi, kuku wanadonoa, mtoto anacheza, kumbe wote wako juu ya kitu kama upenu usio na nguzo. Siku moja upenu unachoka. Udongo ulioanguka haupotei; mawimbi huubeba pembeni na kuumwaga penye utulivu, na ndiyo maana upande wa pili wa ghuba yetu ulimi wa mchanga ulikuwa ukirefuka huku kwetu kukipungua. Zamani mafunjo yaliyavunja nguvu mawimbi kabla hayajafika. Yalikuwa yamekatwa kwa ajili ya mikeka na vishamba vya kiangazi, na sisi wenyewe tulikuwa tukimalizia machache yaliyobaki kando ya ghuba. Sikuyajua hayo wakati ule. Nilijua tu kwamba nikiweka sikio sakafuni nasikia ziwa likigonga chini yetu, na kwa hofu ninamsogelea bibi.

Mikeka yetu ilinunuliwa na Baba Hasani, mchuuzi wa Muyinga mjini aliyekuja kwa baiskeli. Siku moja alikuta ufa mwembamba umepita kati ya kibanda cha bibi na nyumba, sambamba na maji.

"Baba Eva, we uko unalala na mayi kitanda moja? Siku moja itakuvutia blanketi."

"Ziwa hili ni jirani wa zamani," baba alisema.

"Eh bon, haya. Jirani mwenye iko anakula nyumba yako."

Akapigilia kijiti upande huu wa ufa na kingine upande wa pili, akakata kipande cha mpira wa tairi aliokuwa akifungia mizigo, akakifunga kati ya vijiti bila kukivuta. "We angalia iyi mpira kila siku," aliniambia mimi Eva, si baba. "Ikivutika, mutoke."

Mara mbili mbuzi wetu aliukanyaga ukavutika, nasi tukaufunga upya. Alasiri moja upepo ulitoka upande wa Rwanda pamoja na mvua. Nilikuwa nimejikinga ukutani nilipouona mpira. Ulikuwa umenyooka na kuwa mwembamba kama mshipa wa shingo. Nikaingia kumwambia baba, ambaye alikuwa anasuka.

"Huyo mbuzi kaukanyaga tena," alisema bila kuinua kichwa.

"Mbuzi ninaye mimi, baba."

Akainua kichwa, akaiona kamba mkononi mwangu na mbuzi nyuma yangu. Akatoka mbio. Bibi alikuwa amekaa kizingitini mwa kibanda chake, anatazama jiwe lake. "Nimeshahama mara moja," alisema. "Sihami tena."  Baba alimgeuzia mgongo, akachuchumaa. "Mama, panda." Sikumbuki muda mrefu kuliko ule. Bibi alipanda. Baba akauruka ufa naye mgongoni, na kibanda kikainama taratibu, kama kinachookota kitu, kikaenda pamoja na jiwe. Tubwi.

Asubuhi majirani walikuja, na yule mzee wa familia iliyotungoja tukosee akiwa mbele. Jiwe lilionekana majini, limetoa kichwa tu. Nilimwona baba akiliangalia kama mtu aliyechaniwa hati yake. Mzee akakohoa, akamgeukia bibi: "Hilo shamba la maharage sasa ukamdai kiboko." Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha mzee akapanda nasi kilimani, akatuonyesha miti ya minyaa iliyopandwa zamani kuwa mpaka wa juu wa ardhi yetu, ambayo kumbe aliijua siku zote.

Leo naishi Gitega, mbali na ziwa lolote. Nyuma ya nyumba zetu kuna korongo linalopanuka kila mvua, na maji yake yanachimba mguuni vile vile. Bibi hayupo tena, na hofu yangu haijaisha. Tofauti ni kwamba sasa naipa kazi. Kama unaishi karibu na ukingo wowote, kesho mchana tafuta ufa unaofuatana nao. Ukiuona, simama upande wa mbali na ukingo, ufunge mpira wako kati ya vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, uuangalie kila siku. Ukivutika, mtoe kwanza yule asiyetaka kutoka.