Kiitaliano cha Jumamosi

Binti yangu ndiye aliyekitaka Kiitaliano, si mimi. Alikuwa amemaliza cheti cha uuguzi na anajitolea kwenye zahanati huko Mbwawa. Wenzake walimwambia kwamba Italia wazee ni wengi na wa kuwatunza ni wachache, ila lazima ujue lugha yao. Akasikia kwamba chuo kimoja cha wananchi hapa Kibaha kimeanzisha darasa la Jumamosi mchana. Siku ya kwanza akaona aibu kwenda peke yake.

"Mama, nisindikize tu," akaniambia. "Ukichoka utarudi."

Nilikuwa na magauni matatu ya sare ya harusi yakinisubiri kwenye fremu yangu ya ushonaji pale Sofu. Nikafunga mlango, nikaenda.

Tulifundishiwa kwenye chumba cha ushonaji cha chuo. Vyerehani vilikuwa vimesukumwa ukutani, na wanafunzi tisa tukakaa katikati, wengi wakiwa wauguzi kama mwanangu. Mwalimu alikuwa mtu wa makamo aliyekwenda Italia akiwa kijana kusomea upadri, akaacha, akarudi nyumbani akaoa. Alipita kwa kila mmoja akiuliza jina kwa Kiitaliano. Alipofika kwangu nilimwambia kwa Kiswahili kwamba mimi nimemsindikiza mtoto.

"Hata anayesindikiza ana jina, mama," akasema, akaendelea kunisubiri.

Nikasema mi chiamo, halafu nikalitaja jina langu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na tangu kidato cha pili hakuna mwalimu aliyewahi kusimama mbele yangu akingoja jibu.

Niliacha shule kwa sababu ya mimba. Enzi zetu ukigundulika ulifukuzwa, basi, unakwenda nyumbani na daftari zako. Na mimba yenyewe ndiyo huyu aliyekuwa amekaa kando yangu siku ile, anacheka matamshi yangu.

Daftari sikuwa nalo. Niliandikia kwenye kile kitabu changu cha vipimo vya wateja, upande mmoja viuno na mabega ya watu, upande wa pili maneno ya Kiitaliano. Kwa vile tulizungukwa na vifaa vya kazi yangu, kila mapumziko nilimuuliza mwalimu vinaitwaje. Uzi ni filo, sindano ni ago, mkasi ni forbici. Wauguzi walilalamika kwamba kijiko ni cha kiume na uma ni wa kike. Mwalimu akawauliza, "Nyinyi mna ngeli ngapi kwenye Kiswahili? Mbona hamlalamiki?" Nilicheka hadi nikafuta machozi, na nadhani ndipo lugha ile iliponiingia.

Nyumbani mambo yaligeuka. Mwanangu alirudi kutoka zahanati amechoka, mimi ndiye nikawa namshika mkono kwenye mazoezi. Nilikuwa nimeweka masomo kwenye simu, nayasikiliza nikipinda mapindo, wateja wakidhani ni mahubiri.

Miezi minne baadaye majina ya ajira za serikali yakatoka, na jina lake lilikuwemo. Alipangiwa Rukwa.

Tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilimsaidia kufungasha. Alipofika kwenye vitabu vya Kiitaliano akanikabidhi.

"Chukua wewe, mama. Hiki Kiitaliano ni chako."

"Changu cha nini? Mimi naenda wapi?"

Akakaa kitandani. "Mama, mimi ndiye niliyekutoa shule."

Hakuwahi kulisema hilo maishani mwake. Nilimwambia asirudie tena, kwamba mtoto hamtoi mtu shule, watu wazima ndio walionitoa. Lakini vitabu nilivichukua. Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani peke yangu, na kile kiti cha kando yangu nikakiwekea mkoba.

Chuo kile kina mabinti waliopata watoto wakiwa shule na sasa wanasoma tena. Watoto wao wanaangaliwa hapo hapo. Wengine walikuwepo hata Jumamosi, wamejifunga vitenge, mtoto ananyonya na mama mtu anasoma jiografia. Walikuwa wakiniamkia, "Shikamoo mama," nami nikiitika marahaba huku nikiangalia kile kitabu cha jiografia. Sikuwaonea wivu wa ubaya. Ila kuna siku nilipitiliza haraka, nikaenda kunawa uso bombani kabla ya kuingia darasani.

Siku moja mwalimu akatufundisha neno vorrei, yaani ningependa. Akataka kila mtu atunge sentensi. Mmoja angependa kahawa, mwingine chumba chenye dirisha, mwingine tiketi ya treni. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Vorrei finire la scuola." Ningependa kumaliza shule.

Mwalimu hakunisahihisha. Alisema tu, "Bene," yaani vizuri, akageukia ubao.

Nadhani ndiyo maana alinichagua mimi. Kulikuwa na wageni, mume na mke, wazee Waitaliano, waliokuwa wamekisaidia vyerehani kikundi cha akina mama huko Maneromango. Walitaka kukitembelea wakiwa na mkalimani, na mwalimu alikuwa na msiba kwao, hakuweza kwenda.

"Wauguzi wanajua majina ya viungo vya mwili," akaniambia. "Wewe unajua uzi na sindano. Nenda."

Tulipita Kisarawe mjini, halafu barabara ikawa mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likateleza, yule mzee wa Kiitaliano akawa anasema maneno ambayo mwalimu hakutufundisha. Tulipofika, bibi mmoja wa kikundi akainua gauni la mtoto na kuonyesha ukosi uliojikunja, na yule mama wa Kiitaliano akauliza kwa nini, na mimi jibu nililijua kwa lugha zote mbili. Nikakaa kwenye cherehani, nikafumua, nikashona upya nikieleza huku kwa Kiswahili, kule kwa Kiitaliano. Nilikosea mara nyingi. Hakuna aliyejali. Bibi yule akasema, "Huyu kazaliwa huko," wenzake wakacheka.

Wakati wa kurudi yule mama akaniuliza nimesoma chuo kikuu gani. Nikamjibu kwamba nimesoma Kibaha. Akauliza, na kabla ya hapo? Nikaangalia nje. Nikasema nilikuwa nashona.

Walipoagana nami akanishika mikono yote miwili. "Deve venire a trovarci," akasema. Lazima uje kututembelea. Akaandika namba yangu ya simu.

Mimi neno lazima nililichukua kuwa lazima. Wiki nzima ile niliuliza habari za pasipoti. Nilijishonea koti zito kwa kitambaa nilichokiweka miaka mingi, kwa sababu mwalimu alisema kule kuna baridi. Kila simu ilipoita nilifuta mikono kwanza. Baada ya kama miezi miwili ikaja picha ya bustani yao yenye maua, na salamu. Nilijibu kwa Kiitaliano kizuri, nikakipitia mara tatu. Akatuma ua moja. Basi.

Mwalimu alipoona nimenyongea akaniambia kwamba wenzetu husema vile kwa upendo tu, kama sisi tunavyosema karibu chakula. Nilielewa. Koti bado linaning'inia.

Darasa halikudumu. Tulibaki watatu, mwalimu akapata kazi Morogoro, vyerehani vikarudishwa katikati ya chumba. Siku aliyotuaga nilipitia ofisini kuomba fomu ya masomo. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Fomu ni ya binti yako, mama?"

"Ni yangu," nikasema.

Sasa nasoma masomo ya sekondari na wale mabinti, mchana, nikitoka kwenye fremu. Nilichokitamani miaka yote ninacho mkononi, na nakipenda. Lakini Kiitaliano hakimo kwenye ratiba, na hakuna ninayeweza kuzungumza naye. Nikiwa nakata kitambaa hujikuta naongea peke yangu, nauliza bei ya mkate, naomba chumba chenye dirisha.

Jumapili iliyopita mwanangu alipiga simu kutoka Rukwa. Tukaongea habari za wagonjwa wake, za hisabati zangu. Halafu akauliza, "Mama, leo ukipewa tiketi utakwenda?"

Nilitaka kumwambia kwamba nina wateja, nina mtihani.

"Nitakwenda," nikasema.

"Na mimi nikija likizo nisikukute?"

"Ufunguo nitamwachia jirani."

Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.