Cherehani ya Hakuma

Kriii-ko, kriii-ko. Huo ndio mlio ulioniamsha utotoni, ulionilaza, na ulionieleza hali ya nyumbani hata kabla sijafumbua macho. Pedali ya cherehani ya mama ikilia upesi upesi, nilijua kazi zimejaa na jioni tutakula nyama. Ikilia kwa kusitasita, nilijua anamtilia jirani kiraka cha bure. Ikinyamaza asubuhi nzima, nilijifanya bado nimelala, kwa sababu mama asipokuwa na kazi alitafuta makosa, na mkosaji wa karibu kabisa nilikuwa mimi. Ilikuwa cherehani ya zamani, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamebanduka, imesimama juu ya miguu ya chuma yenye meza ndogo ya mbao. Tuliisafirisha kwa lori kutoka kambi ya Kakuma, kule Kenya, mama amekikumbatia kichwa chake njia nzima huku mimi nimekalia gunia la sufuria. Wenzetu walirudi Juba na magodoro. Sisi tulirudi na cherehani, na tukalala sakafuni.

Nilikuwa na miaka minane. Mama aliiweka cherehani kwenye baraza ya duka la Bwana Abdi, Msomali wa Garissa, katika mtaa wa Hai Cinema, na kando yake alikaa Nakato, Mganda aliyekaanga chapati tangu alfajiri, hata nguo za wateja wetu zikawa zinanukia mafuta ya chapati. Kiswahili kilitutosha sisi pale barazani. Tatizo lilianza hatua chache kutoka hapo. Mama alitoka Juba akiwa mgongoni mwa bibi, akakulia kambini, kwa hiyo alirudi kwao bila Kiarabu cha Juba, isipokuwa maneno ya kununulia: moya ni maji, gurush ni pesa, mafi ni hakuna. Kibari chake, lugha ya kabila letu, nacho kilikuwa cha kusalimiana tu, na salamu zikiisha, nacho kimeisha. Watu walipomsikia walimdhania mgeni, wakamwambia arudi kwao. “Kwetu ni hapa!” alifoka, kwa Kiswahili, na maskini hilo halikumsaidia hata kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Kule kambini mama alikuwa ameniahidi kwamba tukifika nyumbani tutaikuta serikali yetu wenyewe. Mimi nilidhani serikali ni mtu. Nilimwazia mwanamume mrefu, viatu vinang'aa, anayewajua watoto wote kwa majina. Wiki za kwanza nilikuwa nikichungulia kila gari kubwa lililopita nione kama ndiye. Mama mwenyewe hakuwa na ndoto za namna hiyo. Alinikalisha chini akaniambia wazi kwamba shule zinakaribia kufunguliwa, watu wanataka sare, na sare hizo zikituweka mjini tutabaki. Cherehani ikishindwa kutulisha, tunapanda lori tunarudi Kakuma. Nilikataa kabisa kurudi. Nilikuwa nimechoka kulala nikisikia upepo ukipekua turubai, na hapa nilikuwa nimeahidiwa shule yenye kuta. Kwa hiyo niliipenda ile cherehani kuliko ndugu, na kila jioni niliifuta vumbi kwa upindo wa gauni langu.

Ijumaa moja mchana, Bwana Abdi alifunga duka akaenda kuswali, nasi tukapeleka sare za mteja mmoja katika mtaa wa Atlabara. Nakato alibaki akituangalizia. Tuliporudi, baraza ilikuwa nyeupe! Hakuna cherehani, hakuna benchi la wateja wa chapati, hakuna Nakato. Chapati zilikuwa chini, na mojawapo ilikuwa na alama ya buti katikati, nzuri kabisa, utadhani imepigwa muhuri. Mama hakulia. Aliwaendea vijana wawili waliokuwa wameegemea pikipiki ng'ambo ya barabara, akawauliza nani kachukua cherehani yake, mikono ikizunguka na mguu ukikanyaga hewani ili wamwelewe.

“Hakuma,” akajibu mmoja.

“Hakuna?”

“Hakuma!” akarudia yule kijana, kwa upole, akionyesha upande wa barabara kuu.

“Hakuna vipi?” mama akapaza sauti. “Cherehani ina miguu, lakini haitembei!” Akanishika mkono akasema hawa wote ni wezi au wanawaficha wezi, na kwamba tunakwenda polisi sasa hivi. Hakumsubiri Bwana Abdi, hakumtafuta Nakato. Mama yangu akikasirika hangojei mtu. Mimi niliruka ruka njia nzima kumfuata, na nitasema ukweli, ndani ya hofu yangu kulikuwa na furaha. Hatimaye nilikuwa nakwenda kumwona serikali, na atatusaidia.

Kituo kilikuwa chumba cha matofali chenye paa la bati na joto la kuokea mkate. Ndani alikaa mkuu wa kituo, mwanamume mnene mwenye uso wa usingizi na suruali ya kazi iliyochanika gotini, na pembeni yake askari kijana ambaye, kwa bahati yetu, alikuwa amesomea Eldoret. Mama akaanza: wezi wameniibia cherehani, nyeusi, ya miguu, maua yamebanduka upande wa kulia. Askari kijana alikuwa akitafsiri neno kwa neno, lakini kadiri maelezo yalivyoendelea ndivyo sauti yake ilivyopungua, na mimi nikaona macho yake yanakwepa kona ya chumba. Nikatazama kona. Ebo! Cherehani yetu ilikuwa pale! Juu ya meza yake kulikuwa na chupa ya chai na sukari, na kwenye kile kijiti cha kuwekea uzi kulikuwa kumetundikwa kofia ya polisi.

Mama akaona macho yangu, akageuka. Nilimngojea mkuu wa kituo aseme hebu tazama, tumekwisha kuipata, mwizi tumemfunga. Akakoroga chai yake. Akasema maneno machache yaliyokuwa na lile neno la wale vijana ndani yake, hakuma.

“Mathe, tulia,” askari kijana akamwambia mama. “Anasema hiyo ni mali ya hakuma. Ilikuwa barabarani bila ruhusa, ikabebwa kwa lori.”

“Mali ya hakuna?”

“Si hakuna, mathe. Hakuma. Ni serikali.”

Mama aliketi kwenye benchi bila kuambiwa. Benchi lenyewe, nikaliona sasa, lilikuwa la Nakato. Nilimtazama mkuu wa kituo, goti lake limetokeza kwenye suruali, midomo ina sukari, nikaelewa kwamba yule mtu mrefu wa viatu vya kung'aa hayupo na hakuwahi kuwapo, na huyu ndiye tuliyemsafiria. Nimepata mishtuko mingi katika mji huu, nimelala chini risasi zikipita juu ya bati, lakini haikunichoma hivyo. Risasi ni risasi, unajua inataka nini. Huyu alikuwa anakunywa chai juu ya sare za watoto wa watu!

Ndipo mama akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, ninachokijua mimi na kukiogopa. Akamwambia kijana, “Mwambie afande kwamba kwa lugha yangu nimesikia hakuna. Nimeuliza nani amechukua, nikaambiwa hakuna. Nimeuliza ni ya nani, naambiwa ya hakuna. Basi kama ni ya hakuna, naibeba.”

Kijana alisita. Akajaribu kuruka sehemu hiyo, mkuu akamkaripia aseme yote. Akasema. Lakini ili utani ueleweke ilimbidi aeleze kwamba kwa Kiswahili hakuna maana yake ni mafi, na kwa hiyo kilichotoka kinywani mwake, pale kituoni, mbele ya mkuu wake, kilikuwa hiki: hakuma mafi. Serikali hakuna. Nilijua maneno hayo mawili kufikia hapo, nikashika gauni la mama kwa mikono yote miwili. Watu walikuwa wakichapwa kwa maneno mepesi kuliko hayo, hata mtoto alilijua hilo. Askari aliyekuwa mlangoni aliingia ndani. Mama alikaa vilevile, shingo imesimama.

Mkuu wa kituo akaweka kikombe chini. Akatazama suruali yake iliyochanika. Akatazama kuta, chumba chake chote kisicho na taa wala feni. “Kalam sah,” akasema taratibu. Maneno ya kweli. Kisha akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, askari wote wakacheka naye kwa sababu ndiye mkuu, na mama hakucheka tena. Alipojifuta uso alitoa hukumu yake. Mwanamke achukue kichwa cha cherehani aende. Miguu na meza vibaki, kwa sababu chai ya hakuma nayo inahitaji mahali pa kukaa. Kalas, imekwisha.

Mama alikibeba kichwa cha cherehani kichwani mwake hadi nyumbani, bila kutua. Kesho yake Nakato akajitokeza na jiko lake, uso umejaa aibu. “Mimi iko nakimbia, Mama Kiden,” akasema. “Mimi nasikia lori, mimi iko nabeba jiko ya moto, mkono yote naungua!” Akaonyesha malengelenge, na mama akampaka asali akimtukana na kumwonea huruma kwa pamoja. Bwana Abdi akatuletea mkono wa kuzungushia gurudumu, akausokomeza mahali pake huku akisema lahaula, lahaula. Kuanzia siku hiyo nilizungusha mimi, naye mama akashona, mpaka bega langu likavimba. Sare zilimalizika. Hatukurudi Kakuma. Nami nikaingia shule yenye kuta, nimevaa sare ambayo niliizungushia mwenyewe kila mshono, bado ninauliza moyoni: walitaka miguu ya nini?

Mama hajawahi tena kuiita serikali jina lingine. Ni Hakuna. Hakuna wameongeza ada ya soko. Hakuna wamefunga barabara, mkubwa anapita. Siku hizi Hakuna wamevaa vizuri, siwezi kusema uongo. Vibanda vikivunjwa, vinavunjwa kwa barua yenye muhuri, na unayevunjiwa unapewa risiti. Zamani walikuja na lori, sasa wanakuja na lori na risiti, na sijui kipi kinaniudhi zaidi. Takataka ziko palepale, maji tunanunua kwa gari, umeme ni wa jenereta ya jirani, na usiku ukisimamishwa kwenye kizuizi huwezi kujua anayekumulika tochi ni askari au mwenye bunduki tu. Nimekuwa mtu mzima katika hali hii, nikadhani nimekwisha kuizoea.

Wiki iliyopita kijana wa pikipiki alininyakulia simu nikitoka kazini mtaa wa Amarat, nikaenda kuripoti katika kituo kilekile cha mtaani kwetu. Kimejengwa upya, kina vigae na picha ukutani. Askari, mtoto mdogo kwangu, alinituma kwanza nikanunue karatasi ya kuandikia maelezo yangu. Nilifoka, nikanunua. Akanionyesha meza ya pembeni. Nikaketi, nikaanza kuandika, nikanyoosha miguu chini. Kriii-ko.

Kalamu ilinidondoka. Wameipaka meza rangi ya buluu, ile ya milango ya kituo, lakini chini ya buluu ni ileile, chuma chake kilekile, pedali ileile. Nilikanyaga tena nihakikishe. Kriii-ko. Nikamwuliza askari, kwa Kiarabu changu ambacho sasa ni kizuri, meza hii ni ya nani. Hata hakuinua macho. “Hakuma,” akasema.

Nilimweleza mama jioni hiyo. Alikuwa anakata kitambaa, kwa miwani, na kichwa cha cherehani kiko mbele yake, bado kinazungushwa kwa mkono. Nilidhani atalia, au atacheka kile kicheko chake. Aliuliza tu, “Inalia?”

“Inalia vibaya sana.”

“Nilijua,” akasema. “Hakuna hakumbuki mafuta.” Akatoa kichupa cha mafuta kwenye kikapu chake, akanipa. “Ukienda kuulizia simu, itie. Siku nikiipata sitaki kuikuta imeshika kutu.”

Siku nikiipata! Baada ya miaka yote hii! Jana nilikwenda. Simu haijapatikana, na sidhani kuna anayeitafuta. Nikapiga magoti juu ya vigae, nikaanza kutia mafuta kwenye pedali, tone hapa, tone pale, kama nilivyofundishwa. Askari yule mdogo akaja kusimama juu yangu, akaniuliza kwa ukali nani amenituma kuigusa ile meza.

“Hakuna,” nikamjibu.

Akarudi nyuma hatua moja, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, akaenda zake. Kesho nakwenda na mkokoteni.