Chupa Kumi na Mbili za Wifi Yangu

Wifi yangu aliosha chupa miaka kumi na tisa katika maabara moja yenye ngazi za saruji na harufu ya spiriti, na katika miaka yote hiyo hakuvunja hata moja. Wenzake walimwita Mama Chupa. Alikuwa mke wa kaka yangu, mwembamba, mwenye ulimi. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kumbukumbu haijaniangusha, kwa hiyo nitayaeleza kama yalivyokuwa, na sehemu yangu humo.

Wiki ya kwanza ya ndoa yake aliosha vikombe akavipanga mezani, wageni wako njiani. Nikakinusa kimoja, kisha nikavirudisha vyote kwenye beseni.

"Nyumba hii vyombo havisuuzwi kwa maji matupu," nikamwambia. "Maji ya mwisho yanatiwa kifuniko kimoja cha klorini, halafu unaviinamisha vikauke vyenyewe."

Akaosha upya bila kuinua uso. Tangu siku ile hakusuuza tena chombo kwa maji matupu, na mimi nilijisifia kwa watu kwamba nimemfunza.

Mashine ililetwa katika mwaka wake wa kumi na nane kazini. Aliyeileta ni binti mmoja msomi, wote wakimwita Mtaalamu. Lilikuwa sanduku la ukubwa wa cherehani, lenye nyaya mbili zinazoingia kwenye mdomo wa chupa ya maji. Likiwashwa, hewa iliyo kati ya zile nyaya inapigwa umeme mpaka inawaka rangi ya zambarau, na mapovu yake yakishuka ndani ya maji yanaua vijidudu. Maji yenyewe hayapati moto. Wanaiita plazima baridi.

"Moto usiochoma," wifi akaniambia, anacheka. "Ni kama mume asiyefoka. Unakaa naye unajiuliza, huyu ananificha nini?"

Ilikusudiwa kwa wodi ya watoto wachanga wasio na mama, wanaokorogewa maziwa ya unga. Wauguzi walikuwa wanachemsha maji, wanasubiri yapoe, na watoto wanalia mpaka sauti zinakauka. Mashine ingetoa maji salama, tena baridi, kwa dakika tatu.

Basi Mtaalamu akawa anatia vijidudu kwenye maji makusudi. Nusu anayapitisha kwenye mashine, nusu anayaacha kwenye chupa za kawaida, na kesho yake anahesabu vijidudu vilivyo hai. Chupa za mashine zilikuwa na mdomo wa aina yake, nazo ni kumi na mbili tu, zikioshwa kwa mkono na Mama Chupa, kwa kuwa hazikuingia kwenye mtambo uliosafisha zile za kawaida. Ukutani juu ya sinki palibandikwa karatasi: maji safi, mara tatu, basi.

Majibu yakaja mazuri kupita kiasi. Chupa za kawaida zinajaa vijidudu, zile kumi na mbili hakuna hata kimoja. Mwezi wa kwanza hakuna, wa tano hakuna. Mtaalamu akamkumbatia wifi mbele ya watu, na mashine ikahamishiwa wodini pamoja na chupa mpya, za kuoshwa na wauguzi.

Siku ya kwanza tu, maji ya wodini yalipopimwa, vijidudu vilikutwa hai. Mtaalamu akarudi maabara mbio.

"Mama, zile chupa ulikuwa unazisuuza na nini?"

"Maji ya bomba, mwanangu. Mara tatu, kama ulivyoandika."

Mtaalamu akaamini. Akaona aliyechota maji yale kwenda kuyapima ndiye aliyeyachafua kwa mikono. Akapanga kupima upya, mashine ikaachwa iendelee.

Jioni hiyo wifi akanikuta uani nachambua maharage. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Nilikuwa natia kifuniko kimoja," akasema. "Zikitoka na maji matupu zinabaki na utando mweupe. Niziache watu waone utando?"

"Mimi nilikufundisha vikombe vya wageni. Sikukufundisha maabara."

"Vyombo ni vyombo, wifi. Si ulisema mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia ainuke aende kusema kweli. Niliogopa aibu, yake na yangu. "Kifuniko kimoja kitaharibu nini?" nikamwambia. "Nyamaza. Watapima tena, wataona wenyewe."

Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu mfagizi wa wodini akasema kuna mtoto mmoja anahara na homa haishuki. Wifi akaacha beseni limejaa, akapanda ngazi na aproni yake ikichuruzika maji, akamwambia Mtaalamu kila kitu. Mtaalamu hakumfokea. Alikwenda wodini kuizima mashine kwa mkono wake.

Mtoto alifariki asubuhi iliyofuata, msichana wa wiki tano. Madaktari walisema umri ule wanaondoka kwa sababu nyingi, hakuna awezaye kusema ni maji. Walimwambia hivyo wifi usoni, kwa huruma. Hakuichukua huruma ile.

Lililommaliza ni jambo jingine. Mtaalamu alizichemsha zile chupa kumi na mbili, akaanza upya. Akakuta mashine inafanya kazi vizuri kabisa, ila dakika tatu hazitoshi. Zinatakiwa tisa. Kumbe klorini ya wifi iliyobaki ndani ya chupa ndiyo iliyokuwa inamalizia kazi na kuficha upungufu. Angesema kweli siku aliyoulizwa, wangeongeza dakika sita.

Hakufukuzwa, aliacha mwenyewe. Mashine iko wodini mpaka leo, dakika tisa, na watoto wanakunywa wananenepa. Hakwenda kuiona. Nyumbani kwake, kaka yangu ndiye aliyeosha vyombo, mwanamume wa makamo na sabuni mpaka viwikoni, na hakuna aliyemtania.

Wifi alipougua, mwaka wa tatu tangu aache kazi, nilikuwa nakwenda kumuuguza. Siku moja akaomba maji. Nikamletea kwenye kikombe nilichotoka nacho kwangu. Akakinusa, kama nilivyonusa chake siku ile ya wageni.

"Umekisuuza na nini, wifi?"

Sikumdanganya. "Kifuniko kimoja," nikasema. "Kama siku zote."

Akakirudisha kwenye sinia bila kunywa, akageukia ukutani.